MJADALA: Veterani aliyehamia jimbo lingine, je, ni haki alipe ada ya mkazi?

Mleta mada: Vyuo vya umma Marekani vina ada mbili, ya mkazi wa jimbo na ya mgeni, na ya mgeni mara nyingi ni zaidi ya maradufu. Raia wa kawaida akihamia, majimbo mengi humtaka akae miezi 12 kwanza. Veterani, yaani aliyewahi kuwa askari wa Marekani, haulizwi hilo. Aliyemwajiri ni serikali kuu, iweje pengo kati ya ada hizo mbili libebwe na bajeti ya jimbo?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, askari hachagui kambi. Leo kapangiwa Texas, kesho Georgia, keshokutwa Ujerumani. Hiyo miezi 12 aikamilishe wapi? Kifungu cha 702 cha sheria ya shirikisho ya 2014 kuhusu maveterani (Veterans Access, Choice, and Accountability Act), kinacholeta ada hii ya mkazi, wala hakiyaamuru majimbo. Kinasema chuo cha umma kikimtoza ada ya mgeni veterani anayesoma kwa mafao ya GI Bill (mafao ya elimu ya waliotumikia jeshi), Wizara ya Maveterani isiidhinishe kozi husika kulipiwa na mafao hayo. Zamani ilibidi aanze masomo ndani ya miaka 3 tangu aache jeshi. Sharti hilo liliondolewa kuanzia Agosti 2021, na ilistahili.

Mleta mada: Lakini hazina ya Washington si inawalipia?

Mchangiaji wa 2: Inalipa kwa kipimo cha ada ya mkazi, tena kwa asilimia. Kwa mafao ya Post-9/11 GI Bill, ya waliotumikia jeshi baada ya Septemba 11, 2001, aliyetumikia miezi 36 hupata asilimia 100; aliyetumikia mwaka mmoja, 60. Tuseme mkazi analipa dola 10,000 na mgeni 28,000. Huyu wa asilimia 60 analipiwa 6,000. Kwa ada ya mkazi anabakiwa na deni la 4,000, kwa ya mgeni 22,000! Na mpango wa Yellow Ribbon, unaoziba pengo, haumpokei asiye na asilimia 100. Ndiyo maana naitetea sheria hii bila kusita.

Wanaoanza muhula, angalieni haya. Jaza fomu 22-1990 ya kuomba mafao mapema upate cheti cha ustahiki, kisha kipeleke pamoja na DD-214 (hati ya kuachia jeshi) kwa ofisa wa chuo anayethibitisha mafao, kabla ankara haijatoka. Mfumo wa udahili husoma anwani uliyoombea nayo. Kama ni ya jimbo la zamani, utaandikwa mgeni mpaka mtu aibadilishe. Na lazima uishi ndani ya jimbo la chuo. Ukisoma kwa mtandao ukiwa jimbo lingine, kifungu hiki hakikulindi.

Mchangiaji wa 1: Wasisahaulike askari wa akiba wanaotumia mafao ya sura ya 1606 (GI Bill ya askari wa akiba). Kifungu cha 702 hakiwagusi, wanategemea sheria ya kila jimbo. Hapo ndipo pa kuwabana wabunge.

Mleta mada: Kwa askari wa akiba nakubaliana nawe. Kwa hao wengine bado nasema Washington ililipe jimbo tofauti ya ada, maana wao ndio waliowahamisha.