Mrejesho: Riwaya ya mwandishi wetu wa vibonzo imepata mchapishaji

Ndugu zangu, miezi michache iliyopita niliwauliza kama yupo mchapishaji atakayekubali riwaya ya kifantasia ya mtu anayejulikana kwa vibonzo tu, nanyi mkashauri kwamba mwandishi huyo, ambaye ni rafiki yangu hapa Dodoma, apeleke kwanza muhtasari na sura tatu za mwanzo badala ya mswada mzima. Alifanya hivyo, akakataliwa mara mbili, na wa tatu akamkubali. Mkataba ameutia saini juma lililopita.

Wasomaji wake wamefurahi kuliko nilivyotarajia. Wale waliokuwa wakiazimana vibonzo vyake hadi karatasi zikachakaa sasa wanaulizana kama yule bibi wa mvua atakuwamo, na mwalimu mmoja wa Kondoa ameshaagiza nakala kumi za kitabu kisichokuwa hata na jalada, kwa sababu hadithi inaanzia kwenye michoro ya miambani ya Kolo, hukohuko Kondoa, ile iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na katika hadithi hiyo wanyama waliochorwa humo hushuka usiku kunywa maji. Mimi, nakiri, nilidhani vibonzo vimemzoesha sentensi fupi mno, nilikosea.

Tulilolisimamia zaidi ni haki zake: mkataba unahusu riwaya pekee, na haki ya kuigeuza kuwa vibonzo imebaki mikononi mwake. Sasa anasubiri mhariri.