Maua ya vanila yanaanguka, Mukono, Uganda

Wakuu, nachavusha kwa mkono ila kesho yake maua mengi yako chini. Shida nini?

— Unaanza saa ngapi? Ua hufunguka alfajiri, mchana limenyauka. Maliza kabla ya saa tano. Chana mdomo wa ua kwa kijiti chembamba, inua kile kiutando kati ya dume na jike, kisha bonyeza chavua kwa kidole gumba mpaka inate. Kiutando kikibaki katikati, hakuna kitu. Na usitegemee nyuki wa hapa, wachavushaji wa vanila wako Meksiko.

— Kichala kimoja maua 8 hadi 10 yanatosha, mengine yaache. Ukichavusha yote, maganda yanadumaa na mmea unachoka. Lililoshika utalijua: hunyauka bila kudondoka.