Naomba ushauri: kijana wangu amepoteza hamu ya masomo

Habari zenu ndugu wanajamvi. Kijana wangu ana miaka 13 na yuko kidato cha kwanza hapa Dodoma. Darasa la saba alikuwa akiamka mwenyewe alfajiri kujisomea, lakini tangu masomo yageuke kuwa ya Kiingereza, daftari halifunguliwi mpaka nigombe, naye hunijibu kwamba hesabu si kipaji chake.

Nimemtafutia tuisheni, nimemnyang'anya simu, nimemwahidi baiskeli. Hakuna kilichodumu zaidi ya wiki mbili.

Nilipata kusoma kwamba Harold Stevenson wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyelinganisha familia za Marekani, Japani na Taiwan, aliona kina mama wa Asia wakitilia mkazo juhudi kuliko wenzao wa Marekani, ambao walitaja zaidi kipaji walipoeleza sababu za mtoto kufaulu. Jambo hilo lilinichoma, kwani nami humsifu kaka yake kuwa "ana kichwa" huku mdogo akisikia.

Je, nizungumze naye vipi ili aamini juhudi, bila kujiona mzembe pale anapojitahidi na bado akafeli? Na je, nianze kumsaidia Kiingereza au hesabu?