Impakti ya betri kwa Probox: nisaidieni nisiuziwe mbuzi kwenye gunia

Bwana_Lanet: Wadau, hamjambo. Niko Lanet, Nakuru. Probox yangu naishughulikia mwenyewe nyuma ya nyumba: breki, shoki, bushi, tairi. Mwezi uliopita nilipata pancha usiku karibu na Salgaa. Aliyenifungia tairi mara ya mwisho alizikaza nati kwa mashine ya upepo kama anafunga trela. Nilipanda juu ya spana nikaruka. Nati tatu zikaachia, ya nne ikatoka na stadi yake, ile boliti inayoshika nati. Sasa nataka impakti ya betri, ile mashine ya kufungua nati kwa kugonga, yenye kichwa cha soketi cha nusu inchi, mfuko wangu ni 15,000. Dukani nimeonyeshwa moja imeandikwa 588VF, muuzaji ameapa ndiyo kali kuliko zote. Nichukue?

Nyundo_Kali: Wacha kwanza. Hakuna betri ya volti 588 ya kushika mkononi, hiyo ni namba ya kutafutia wateja. Ukifungua betri za aina hii, kwa kawaida unakuta seli 5 za lithiamu zimefuatana. Kila moja ikijaa ni volti 4.2, jumla 21. Ikiwa kazini, kwa wastani ni 3.6, jumla 18. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V ni watoto wa mama mmoja. Tazama Ah, yaani umeme ambao betri inabeba: kwa tairi usishuke chini ya 4, betri ndogo hulegea mashine ikianza kugonga. Na ulizia mota isiyo na kaboni (wanaandika brushless).

Mama_Soketi: Kaka, uliza Nm pia, yaani nguvu ya kuzungusha nati, na uulize ni za kufunga au za kufungua, maana wengi huandika za kufungua kwa sababu ndizo kubwa. Gari ndogo nyingi za Toyota nati zake hukazwa kwa Nm 103 hivi. Makita DTW285 ina 280, inatosha gari kama lako. DTW1002 ina 1,000, lakini bei yake utauza Probox kwanza. Hapa Kondele mimi natumia ya 300. Nati ikiwa na kutu naipulizia mafuta ya kulegeza, naenda kunywa chai, narudi.

Mzee_wa_Paipu: Vijana mnapenda kelele. Nunua mkono mrefu wa soketi, chomeka kipande cha paipu ya maji, basi. Kwani unafungua tairi mara ngapi kwa mwaka?

Nyundo_Kali: Mzee, kwa tairi peke yake sina ubishi. Lakini boliti ya puli ya krenki? Ukivuta na paipu, injini nzima inazunguka nawe. Impakti hugonga haivuti, boliti inaachia injini ikiwa imetulia.

Kijana_wa_Dunga: Hakuna aliyetaja soketi! Zile za kung'aa zikigongwa hupasuka, kipande kikakutafuta jicho. Chukua nyeusi za impakti. Nati nyingi za Toyota ni milimita 21. Na kama kuna binamu wa kukuletea DeWalt kutoka Marekani, chaja aiache hukohuko. Ni ya volti 120. Yangu niliichomeka kwa stima yetu ya 240, ikatoa moshi kabla sijaketi.

Mama_Soketi: Na wakati wa kufunga, anza na vidole, kaza kwa kuruka nati moja moja, umalizie na spana ya kupimia. Ukiiachia impakti ikaze mpaka ichoke, mwenye kuteseka Salgaa safari ijayo ni wewe tena.

Bwana_Lanet: Asanteni sana. 588VF nimeiacha kwa mwenyewe. Nimepata ya 18V, 4Ah, Nm 300, haina kaboni. Imepita bajeti kwa 2,000 na soketi bado, mama watoto hajaambiwa. Mzee, mkono mrefu pia nitauweka kwenye buti. Kuna mtu Lanet au Free Area wa kuniazima spana ya kupimia Jumamosi?

Mzee_wa_Paipu: Ninayo. Free Area. Isirudi na kutu.