Shangazi anakuja Nairobi: tumtembeze katikati ya jiji, Eastleigh au Kariokor?

Mwana wa Buruburu
Wadau, hamjambo. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, anakuja kutoka Lamu na amekataa kuzungushwa ndani ya gari. Anataka kutembea kwa miguu na mtu anayejua majengo, na ale wanachokula watu wa hapa. Tuna siku moja tu, na goti la kushoto linamsumbua. Nimepata waongozaji wa aina tatu: wa katikati ya jiji, wa Eastleigh, na vijana wa River Road wanaomalizia Kariokor. Mngechagua nani?

Binti Pangani
Katikati ya jiji. Sisi tulianzia Msikiti wa Jamia, uliokamilika 1933, kuba zake tatu na minara miwili. Jirani yake tu ni maktaba ya McMillan ya 1931, pale penye simba wa mawe. Mwongozaji wetu, mama mtu mzima, alitusimamisha ngazini akatueleza kwamba zamani Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Nimepita hapo miaka nikienda kazini na sikujua! Nilibaki nimesimama. Shangazi yako ni mwalimu, hilo litamgusa. Kutoka hapo City Market si mbali, mnakaa mnakula samaki na ugali, goti linapumzika. KICC, lile jengo refu la mikutano, iwe ya mwisho: ule ukumbi wenye umbo la msonge muutazame kutoka chini, kisha lifti iwapandishe juu mwone jiji lote. Kasoro ya ziara hizi ni kwamba chakula huguswa tu. Uliza mapema mtakula wapi, na ukitajiwa mkahawa wa hoteli, kataa.

Jirani wa Section Three
Kwa chakula, njooni Eastleigh. Nyama ya ngamia, anjera (mkate laini wa Kisomali), wali unaoliwa na ndizi mbivu, chai ya maziwa ya ngamia. Na anayesema huku hakuna majengo ya kutazama hajaelezwa habari ya Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya wageni, na miaka ya 1990 vyumba vya kulala vikageuzwa maduka. Majumba ya biashara yaliyofuata yakashika mtindo uleule wa vijiduka vilivyobanana. Lakini kusema kweli, kwa goti hilo, msongamano wa First Avenue simshauri. Mleteni kwa gari, ale, apumzike.

Karani Mstaafu
Mimi nilitembea na vijana wa River Road. Chapati madondo, yaani chapati na maharagwe, kibandani, kisha nyama choma Kariokor, na wakatueleza kuwa jina hilo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ile nyama niliila kwa utulivu mwingine kabisa. Ila wanatembea mbio: jumba la Archives, la nyaraka za taifa, ambalo zamani lilikuwa benki, tulilipita kwa dakika mbili.

Mama Wawili
Epukeni Ijumaa mchana, Jamia hufurika. Shangazi wa Lamu hahitaji kukumbushwa ushungi. Wewe vaa viatu vya kuvua upesi.

Mwana wa Buruburu
Asanteni sana. Itakuwa Alhamisi: Jamia, McMillan, halafu gari hadi Eastleigh kwa ngamia. Samaki tunaacha, kwao wamejaa. KICC tutaiamua goti likisema. Nimempigia simu, ameuliza jambo moja tu: kama mwongozaji atamruhusu akae kidogo kwenye zile ngazi za maktaba.