Ninakabidhiwa gari leo, jina libadilishwe baada ya miezi mitatu: nikubali?

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Nimepata gari lililotumika ambalo fundi wangu amelikagua kwa nusu siku, naye hakuona kasoro kubwa zaidi ya bushi za mbele zilizochoka. Kinachonitia wasiwasi si injini bali karatasi. Muuzaji anataka nimlipe fedha zote siku ninapochukua gari, kisha uhamisho wa umiliki ufanyike baada ya miezi mitatu. Sababu aliyonipa ni kwamba kadi ya gari bado ina jina la mtu aliyemuuzia yeye, na mtu huyo yuko nje ya nchi, kwa hiyo hawezi kutia saini mpaka arejee. Muuzaji yuko tayari kunipa funguo zote mbili, nakala ya kadi, na mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na watu wawili. Bei ni nzuri, na yeye mwenyewe anaonekana muungwana.

Naomba kujua kama mkataba huo unatosha kunilinda katika miezi hiyo mitatu. Na kama kuna baya linaloweza kutokea, ni lipi hasa? Kila ninayemuuliza ananiambia niwe mwangalifu, lakini hakuna anayeniambia niangalie nini.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, mkataba unamfunga aliyeutia saini. Mkataba wako utamfunga muuzaji, lakini hautamfunga mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi, kwa sababu yeye hakuahidi lolote kwako na huenda hajui kwamba upo duniani. Wanasheria wana kanuni ya kale ya Kilatini, nemo dat quod non habet, maana yake mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Ikiwa aliyetajwa kwenye kadi hakumuuzia muuzaji wako kihalali, au alimuuzia kwa mkopo ambao haujaisha kulipwa, basi muuzaji wako anaweza kukukabidhi funguo bila kukukabidhi umiliki. Kanuni hiyo ina vighairi vinavyotofautiana kati ya nchi na nchi, lakini si jambo la busara kununua gari kwa kutegemea kighairi.

Wapo watakaokuambia kwamba kadi si ushahidi wa mwisho wa umiliki, na katika nchi kadhaa wanasema kweli. Uingereza, kwa mfano, hati ya usajili humtaja anayehusika na gari, wala haithibitishi kwamba ndiye mwenye mali. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mmiliki halali ilhali jina lake haliko kwenye kadi. Tatizo ni kwamba wewe utalazimika kuthibitisha hilo kwa mashahidi, stakabadhi na pengine kesi, wakati mwenzako atakuwa anaonyesha karatasi moja tu.

Sasa nijibu ulichouliza hasa. Katika kipindi hicho cha kungoja, gari linaonekana kwenye daftari la usajili kuwa mali ya mtu mwingine, na yeyote anayemdai mtu huyo analiona hivyo hivyo. Mwenye jina hilo akishindwa kesi ya madai, dalali wa mahakama anaweza kulikamata gari likiwa kwako, nawe ndiye utakayehangaika kuweka pingamizi. Akiwa na mgogoro wa ndoa, gari linaweza kuorodheshwa miongoni mwa mali za kugawanywa. Akiwa si mwaminifu, anaweza kuripoti kwamba gari limeibwa, au kuliuza tena kwa mtu mwingine ambaye atakutangulia kulisajili. Na akifariki, gari linaingia katika mirathi. Baadhi ya watu hujikinga kwa kudai hati ya uwakilishi inayowaruhusu kutia saini kwa niaba ya mmiliki, bila kujua kwamba kwa kawaida uwakilishi wa aina hiyo hukoma aliyeutoa anapofariki.

Halafu kuna sababu yenyewe uliyopewa. Kuwa nje ya nchi hakumzuii mtu kutia saini. Mamlaka nyingi hupokea nyaraka zilizosainiwa mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa hati wa huko aliko. Mwulize muuzaji kwa nini njia hiyo haijatumika, kisha msikilize kwa makini.

Jibu la pili

Mimi yalinikuta. Niliambiwa nisubiri wiki mbili, nikasubiri mwaka na nusu. Muuzaji hakuwa tapeli, na hilo ndilo linalonisikitisha mpaka leo, kwa sababu ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningepumua. Mzee aliyekuwa na jina kwenye kadi aliugua, akafariki kabla hajatia saini. Warithi walinikiri kwamba baba yao aliliuza gari lile, lakini hawakuwa na mamlaka ya kusaini chochote mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe, na wao wenyewe walikuwa wanagombana kuhusu nani awe msimamizi.

Katikati ya hayo gari liligongwa kwa nyuma likiwa limeegeshwa. Hapo ndipo nilipojifunza habari za bima. Nilikuwa nikiendesha kwa bima kubwa ya muuzaji iliyobaki miezi kadhaa, nikidhani bima hufuata gari. Haifuati gari. Bima ni makubaliano kati ya kampuni na mtu aliyeikata, na haimhamii mnunuzi yenyewe tu kwa kuwa funguo zimebadilisha mikono. Nilitengeneza gari kwa fedha zangu. Kwa hiyo, ukichukua gari hilo, usiliondoe mahali lilipo kabla ya kukata bima kwa jina lako, na uieleze kampuni ukweli kwamba kadi haijabadilishwa. Ukificha, utakuwa umewapa sababu ya kukataa madai yako siku utakapoyahitaji.

Jibu la tatu

Naomba niseme kwa upande wa muuzaji, kwa sababu hapa tunazungumza kana kwamba mnunuzi peke yake ndiye anayeumia. Niliwahi kuuza gari, nikamwamini mnunuzi akabadilishe jina mwenyewe, naye akaliendesha miezi minane kwa jina langu. Faini za mwendo kasi zilikuja kwangu. Baadaye niliitwa kueleza nilikuwa wapi siku ambayo gari hilo lilimgonga mwendesha pikipiki na kukimbia. Lililoniokoa ni karatasi ya makabidhiano iliyokuwa na tarehe na saa, pamoja na saini ya mnunuzi.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu kimoja. Muuzaji anayejua anachokifanya huwa na haraka ya kuliondoa jina kuliko hata mnunuzi, kwa kuwa kila siku inayopita yeye ndiye anayebeba makosa ya mtu mwingine. Lakini muuzaji wako, ndugu muulizaji, hana haraka kwa sababu jina lililo hatarini si lake. Hilo tu lingetosha kunifanya nimtafute mwenye jina kwanza.

Jibu la nne

Si kila ucheleweshaji ni hila. Nilinunua gari ambalo kadi yake ilishikiliwa na benki, na jina lilichukua wiki saba kubadilika, wala sikupoteza kitu. Tulikwenda benki pamoja, tukapewa barua ya salio la deni, nikalipa salio hilo moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, si mkononi mwa muuzaji. Sehemu iliyobaki tuliiweka kwa wakili, kwa masharti kwamba aitoe siku kadi itakapotoka na jina langu. Muuzaji alinung'unika kidogo, kisha akakubali. Kama anakuomba usubiri, na yeye asubiri sehemu ya fedha.

Pia linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye bodi na ile ya kwenye kadi halisi, usitosheke na nakala. Kwa kawaida huwa na herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kwa kuwa zinafanana na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake usikutishe. Cha kutilia shaka ni bati lililokwanguliwa au namba zisizokaa kwenye mstari.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nilimpigia muuzaji nikamwuliza mambo matatu: kadi halisi iko wapi, kama naweza kuzungumza kwa simu na mwenye jina, na kama mwenye jina anaweza kwenda ubalozini kutia saini. Kuhusu kadi alisema iko kwa ndugu yake. Kuhusu simu alisema mtu huyo ana shughuli nyingi. Kuhusu ubalozi alinyamaza, kisha akaniambia kwamba kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho na fedha zote mkononi.

Nilimwambia niko tayari kulipa robo, iliyobaki niiweke kwa wakili, na gari libaki kwake mpaka jina libadilike. Zimepita siku nne hajanipigia. Fundi wangu ameniambia kuna gari jingine, bushi zake zimeisha kabisa na taa moja ya nyuma imepasuka, lakini jina la anayeliuza ndilo lililo kwenye kadi, na mwenyewe amependekeza tukutane katika ofisi ya usajili. Jumatatu asubuhi nakwenda kuliona.