Fukwe za Sydney na familia ngeni: tuanzie kwenye maji gani?

Kutoka: mwanachama mpya, Blacktown

Ndugu wanajumuiya, assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo.

Mimi na familia yangu tumetimiza miezi minne hapa Sydney, na kwa kuwa tunakaa Blacktown, bahari bado tunaiona kwenye picha tu. Watoto wetu wana miaka 7 na 11. Mkubwa anaelea kidogo, mdogo hajui kuogelea kabisa, na mama yao angependa mahali atakapoweza kuingia majini akiwa amejisitiri bila kukodolewa macho. Gari hatuna. Kila ninayemuuliza kazini hunitajia Bondi, lakini nasikia mji huu una fukwe zaidi ya 100, na sioni vipi ufukwe mmoja uwe jibu la watu wote. Naomba mnaozifahamu mniambie tuanzie wapi, na ni mambo gani ya bahari ya huku yanayotofautiana na yale tuliyoyazoea.

Kutoka: dada wa Sutherland

Kaka, karibuni sana, na poleni na miezi ya mwanzo.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua la kwanza. Wengi wetu tuliokulia katika upwa wa Afrika Mashariki tumeijua bahari ya ndani ya mwamba. Mawimbi makubwa huvunjikia kule mbali mwambani, na maji yanayotufikia pwani huwa yamekwisha kutulia. Tulichofundishwa na wazee kukihofia ni bamvua, maji yanapojaa kwa kasi na kumkuta mtu amesahau saa kwenye fungu la mchanga. Hapa mambo yamepinduka. Tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata mita mbili na nusu, kwa hiyo utaikuta bahari karibu pale pale kutwa nzima, lakini hakuna mwamba wa kuizuia, na wimbi lililozaliwa na dhoruba ya kusini ya mbali huja kuvunjikia magotini pako.

Maji hayo yote yaliyosukumwa pwani hayana budi kurudi, na hurudi kwa kukusanyika kwenye mfereji mmoja baina ya mafungu ya mchanga na kutoka kwa kasi kuelekea kilindini. Huo ndio mkondo unaoua watu hapa. Ubaya wake ni kwamba mahali ulipo panapendeza macho: mawimbi hayavunjiki, mapovu ni machache, maji yamekoza rangi na yanaonekana yametulia. Mtu wa kwetu akifika akaona pande mbili mawimbi yanapiga na katikati kumetulia, atawapeleka watoto wake pale katikati, na moyoni atajiona mwerevu. Mume wangu, aliyeanza kupiga mbizi kabla ya kujua kusoma, alitolewa majini na waokoaji pale Bronte katika mwaka wetu wa pili, kwa kosa hilo hilo.

Kwa hiyo, kwenye ufukwe wowote unaotazama bahari kuu, ogeleeni baina ya bendera mbili za nyekundu na njano tu. Waokoaji huzisimika kila asubuhi mahali walipopachagua kwa siku ile, na huzihamisha bahari inapobadilika. Pasipo na bendera, msiingie, hata kama wenyeji wamejaa. Waokoaji wa kujitolea hulinda mwisho wa wiki na siku za sikukuu tangu mwishoni mwa Septemba hadi tarehe 25 Aprili. Fukwe kubwa kama Bondi na Manly zina waokoaji walioajiriwa mwaka mzima. Mkondo ukimchukua mtu, asishindane nao. Aelee, anyooshe mkono juu ili aonekane, na kama ana nguvu aogelee sambamba na pwani mpaka atoke kwenye mfereji. Bondi yenyewe, tarehe 6 Februari 1938, ilipigwa na mawimbi makubwa yaliyofuatana bila kupumua, yakawakokota waogeleaji. Waokoaji waliwatoa watu wapatao 250 alasiri moja, na watu 5 wakafariki. Ilikuwa siku ya jua, ufukwe umefurika.

Sasa tuanzie wapi. Mimi huzigawa fukwe za mji huu kwa aina ya maji yake, wala si kwa umaarufu. Ziko za bahari kuu, kutoka Palm Beach kaskazini hadi Cronulla kusini; ziko za ndani ya bandari, kama Balmoral na Camp Cove, ambako rasi mbili za mlangoni huzuia sehemu kubwa ya mawimbi; na ziko za ghuba za Botany Bay na Port Hacking na mahori yake, zenye maji mapana na matulivu. Familia yenye mtoto asiyejua kuogelea ianzie kwenye aina ya pili au ya tatu, kisha iende kuitazama ya kwanza kutoka mchangani.

Kwenu mimi ningechagua Cronulla, na msiniambie kwamba navutia kwangu, ingawa ni kweli navutia kwangu. Ndiyo pwani pekee ya bahari kuu ya Sydney ambayo treni inakufikisha mlangoni: mnapanda kutoka Blacktown, mnabadilisha kituo cha Central na kuchukua treni ya njia ya T4 hadi kituo cha mwisho. Mkitoka kituoni, upande wa mashariki, kwa mwendo wa dakika chache, iko bahari kuu na bendera zake. Upande wa magharibi, karibu vile vile, kuna bustani yenye miti mikubwa, na chini yake hori la Gunnamatta, ambalo sehemu yake imezungushiwa uzio wa wavu kwa ajili ya waogeleaji. Maji yake mara nyingi hayana wimbi la kumwangusha hata mtoto wa miaka 3. Watoto waogelee Gunnamatta asubuhi, wale kivulini, kisha muwavushe upande wa pili wakaione bahari halisi.

Safari ya pili iwe Manly. Feri ya kutoka Circular Quay huchukua kama nusu saa, na watoto wataiona safari hiyo kuwa ndiyo sherehe yenyewe. Gatini mtashuka upande wa bandari, mtavuka mtaa mmoja wa miguu, na kutokea upande wa bahari kuu. Msiishie hapo, fuateni njia ya pwani kulia kwenu hadi Shelly Beach, ufukwe mdogo uliojificha nyuma ya rasi na unaotazama magharibi. Ghuba iliyo mbele yake ni hifadhi tangu mwaka 2002, hairuhusiwi kuvua wala kuokota chochote, na ndiyo maana mtu akivaa miwani ya kuzamia huona samaki wengi kwenye maji ya kina cha kiuno.

Bondi iacheni iwe ya tatu, tena kwa miguu: njia ya pembezoni mwa majabali kutoka Bondi hadi Coogee ni kilomita 6, na hakuna namna bora ya kuona jinsi fukwe za mji mmoja zinavyoweza kutofautiana kama binadamu wa nyumba moja. Tamarama ni ndogo na nzuri, lakini ni miongoni mwa fukwe hatari kuliko zote mjini. Bronte ina bwawa la maji ya bahari lililochongwa mwambani tangu mwaka 1887, ambalo ni bure. Clovelly ni hori refu na jembamba lenye sakafu za saruji pande zote mbili badala ya mchanga, na kwa mtu mzima anayeanza kujifunza kutazama samaki hapana mahali papendezapo zaidi. Sydney ina mabwawa ya mwambani ya namna hiyo zaidi ya 30. Mnaweza kuogelea humo huku bahari kuu inapiga kelele upande wa pili wa ukuta, ingawa siku ya mawimbi makubwa nayo hurukiwa na maji, na siku hiyo hayaogelewi.

Kuhusu nauli: ninyi wakubwa mnaweza kugusisha kadi ya benki, lakini watoto wakatieni kadi zao za nauli za Opal za watoto, kwa kuwa kadi ya benki hutoza nauli ya mtu mzima bila kuuliza. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kiwango cha juu cha nauli ya siku ni nusu ya kile cha siku nyingine, na feri imo.

Kutoka: kijana wa Penrith

Dada amesema vema, ila mimi sikubaliani naye kuhusu kuwasafirisha watoto kutwa nzima. Tangu Desemba 2023 sisi wa magharibi tuna ufukwe wetu, Penrith Beach, kwenye ziwa lililotokana na machimbo ya zamani ya mchanga na kokoto. Maji ni baridi na hayana chumvi, hufunguliwa msimu wa joto tu, na waokoaji wapo. Penrith ni vituo vichache vya treni kutoka Blacktown, ingawa kutoka kituoni hadi ziwani mtahitaji basi au teksi. Wenyeji wanapaita Pondi kwa utani.

Nakiri kwamba kutokuwa na mawimbi kunadanganya pia, kwa maana ukingo wa ziwa lililochimbwa huteremka ghafla, kwa hiyo na huko kaeni baina ya bendera.

Kutoka: mama wa Auburn

Kaka, mimi nitajibu lile la shemeji, kwa kuwa nililiuliza mwenyewe miaka mingi iliyopita.

Coogee kuna bwawa la mwambani liitwalo McIver's Ladies Baths, la wanawake na watoto wadogo tu. Wanawake wamekuwa wakiogelea hapo tangu karne ya 19, na mwaka 1995 serikali ya jimbo ilikubali rasmi kwamba sheria ya kukataza ubaguzi isilihusu. Limejificha chini ya jabali, maji yanaingia na kutoka na bahari, na utawakuta humo akina bibi wa miaka 80, watawa, na sisi wenye mitandio. Mnafika kwa treni hadi Central, kisha reli ya mtaani ya L2 hadi Randwick, na kutoka hapo basi au miguu kuteremka hadi pwani. Ninyi wanaume mtasubiri mchangani.

Na akitaka kuogelea pamoja na watoto pale Gunnamatta, avae burkini, vazi la kuogelea la kujisitiri, bila wasiwasi. Vazi hilo lilibuniwa hapa hapa Sydney na Aheda Zanetti, Mwaustralia mwenye asili ya Lebanon, na hakuna kanuni inayolikataza. Mimi nalivaa, na kwa ukweli sikumbuki mara ya mwisho mtu kunigeukia. Jambo moja tu: achague la kitambaa chepesi kilichotengenezwa kwa kuogelea, nguo za pamba zikilowa huwa nzito, na mtu akiteleza humvuta chini.

Halafu, ndugu zangu, rangi yetu isitudanganye. Jua la huku ni kali kuliko joto linavyoonyesha, na losheni ya kukinga jua tunaihitaji na sisi.

Kutoka: mzee wa Brighton-Le-Sands

Wanangu, mmesahau mvua. Mvua kubwa ikinyesha, mitaro ya mji mzima humwaga uchafu wake baharini. Kwenye bahari kuu subirini angalau siku nzima, na ndani ya bandari na mahorini, Gunnamatta ikiwemo, subirini hadi siku tatu. Mpango wa serikali ya jimbo uitwao Beachwatch hutoa hali ya maji ya fukwe. Itazameni kabla ya kukata shauri.

Pia kiangazi, upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma, huletwa pwani konyeza wa buluu wenye nyuzi ndefu, ambao wenyeji huwaita bluebottle. Wakiwa wamekufa mchangani bado wanauma, kwa hiyo watoto wasiwashike. Mtu akiumwa, toeni nyuzi, suuzeni kwa maji ya bahari, kisha aloweke mahali pale kwenye maji ya moto, kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 20. Siki msiitumie kwa huyu.

Na wewe mwanangu, ukishawishika kuchukua mshipi, kwanza lipa ada ya uvuvi ya jimbo. Samaki waliovuliwa magharibi ya daraja la bandari hawaliwi, kwa sababu ya sumu ya viwanda vya zamani iliyobaki kwenye matope ya chini. Uvuvi wa biashara bandarini ulisimamishwa mwaka 2006.

Kutoka: mwanachama mpya, Blacktown

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote.

Tulikwenda Gunnamatta Jumamosi, siku nne baada ya mvua. Kwanza nilifanya kosa la kuwapeleka upande wa mashariki, na nikasimama pale kama dakika kumi nikiutafuta mkondo. Niliuona: kulia kwa bendera, mfereji wa maji yaliyokoza, tulivu kabisa, na wallahi ningeuchagua. Tukavuka upande wa pili. Mdogo aliingia hadi magotini, akatoka, akaingia hadi kiunoni, na mama yake akamfundisha kuelea chali huku amemshika kisogo. Mkubwa anauliza feri ya Manly inaondoka saa ngapi. Dada hakutuambia kwamba hori lile linatazama magharibi: tulikaa hadi jua likazama upande wa pili wa maji, tukaikosa treni tuliyokusudia, tukapanda iliyofuata.